Gari mpya ya dada na maneno "ndivyo zilivyo": kisa kizima

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kisa hiki ni cha nyumbani kwetu kabisa, gari ya dada na shemeji. Nakieleza chote kwa sababu nilikosea katikati yake, na kosa lenyewe nalisikia kila wiki, wauzaji wanalisema, sisi mafundi tunalisema, wenye gari wanalimeza. Ni maneno mawili tu: "ndivyo zilivyo".

Gari yao ya zamani ilikuwa stesheni wagoni ya 1999, gia za mkono, hendibreki ya kuvuta, ufunguo wa kuzungusha. Shemeji alikuwa anaijua hadi harufu zake. Hawakuiacha kwa kuichoka, ilikuwa kutu. Niliinyanyua, nikalala chini, nikagonga kwa bisibisi pale chesisi inapopita karibu na siti ya nyuma, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Nikamwita dada aje aone kwa macho yake, manake injini unaweza kuifufua, gasketi ya silinda hedi unabadilisha, lakini sehemu inayoshikilia mikanda ya watoto ikishaoza hapo hamna mjadala. Na isitoshe mkanda wa katikati kule nyuma ulikuwa wa kiunoni tu, wakati mkanda wa pointi tatu upo kwenye gari tangu 1959, Nils Bohlin wa Volvo ndo aliubuni, na watoto ni watatu, mdogo bado yuko kwenye kiti cha kuangalia nyuma.

Kwenye kutafuta niliwaambia kitu kimoja: msiende kuangalia gari bila viti vya watoto. Watu wanaenda mikono mitupu, wanafungua buti, wanapiga teke tairi, wanarudi nyumbani wamelipa ndo wanagundua viti vitatu havikai. Vile vyuma vya ISOFIX vya kubania kiti cha mtoto kwenye gari nyingi vipo sehemu mbili tu, pembeni huku na huku, sasa ukishafunga viti viwili kile kifungio cha mkanda wa katikati kinamezwa kabisa, mkono hauingii. Gari mbili nzuri tuliziacha kwa sababu hiyo peke yake. Na mama (anaishi nao, magoti yanamsumbua) tulimpandisha na kumshusha siti ya mbele mara tatu kwa kila gari, kuna moja ilikuwa chini sana ikabidi nimvute kwa mikono miwili, basi tukaaga.

Waliyoichukua ilikuwa na miaka mitano, otomatiki ya CVT (isiyo na gia za hatua), kuwasha kwa kubonyeza, hendibreki ya swichi, kamera ya nyuma na kamera ya mbele inayosoma barabara. Niliikagua mwenyewe. Namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, niliilinganisha na karatasi na nikaangalia kama gari iliitwa kurudishwa kiwandani, hili usiliache kamwe, kumbuka mamilioni ya magari yaliyoitwa duniani kwa ajili ya eabegi mbovu za kampuni ya Takata. Tairi nikasoma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, zote nne sawa. Nikachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kwenye tundu la chini ya steringi, na hapo sikuangalia tu kama kuna makosa, niliangalia kama kompyuta imekamilisha vipimo vyake vya ndani, kwa sababu mtu akifuta makosa dakika kumi kabla hujafika, vile vipimo vinaonekana havijakamilika, na hiyo peke yake inatosha kumuuliza muuzaji ulikuwa unaficha nini. Vilikuwa vimekamilika. Pedali na steringi havikuwa vimeliwa kuliko kilomita zinavyosema. Nikasema chukueni.

Kitu kimoja sikukiangalia, na ndo kisa kilipo, nakuja.

Siku ya kwanza shemeji alifanya kile wanachofanya karibu wote wanaotoka gia za mkono. Taa nyekundu mbele, mguu wa kushoto ukashuka wenyewe kutafuta klachi, ukakutana na pedali ya breki ambayo kwenye otomatiki ni pana, akaikandamiza kwa nguvu ile ile ya klachi, gari ikaganda hapo hapo na mama akapeleka mikono yote miwili kwenye dashibodi. Nilikuwa nyuma na watoto. Hakuna aliyeumia lakini kulikuwa na kimya kirefu. Nikamwambia, shemeji, kuanzia leo kisigino cha kushoto kirudi nyuma kiguse siti na kikae hapo, ukihisi hakigusi siti ujue kinatafuta klachi. Wiki mbili mwili ukasahau.

Halafu simu zikaanza.

Ya kwanza: gari inazima kwenye foleni. Ile ya zamani ikipata moto ilikuwa inazima kweli, kwa hiyo shemeji kila ikinyamaza kwenye taa alijua imekufa, anaweka P anabonyeza kitufe cha kuwasha, ambapo sasa ndo anaizima kabisa, nyuma watu wanapiga honi. Nikamweleza, injini inajizima ukisimama umeshika breki ili isichome mafuta bure, ukiachia breki inajiwasha, usiguse kitu. Kama hupendi kuna kitufe chake, ila ukizima gari na kuwasha tena mara nyingi itajirudisha yenyewe. Nikamwongezea jambo la betri, kwamba gari za hivi zinatumia betri za AGM au EFB zinazovumilia kuwashwa mara nyingi, mtu akikuwekea ya kawaida kwa sababu inaingia kwenye nafasi haitadumu. Nikamalizia: "Ndivyo zilivyo, utazoea." Na nilikuwa sahihi.

Ya pili: hendibreki haipo. Dada alisimama kwenye kilima, mkono ukaenda kuvuta hewa. Swichi yenyewe ni ndogo kama ya dirisha, unainyanyua kufunga, kuiachilia unashika breki unaibonyeza. Alichokuwa anaogopa zaidi, na aliuliza vizuri sana, ni breki ya mguu ikifeli atavuta nini? Kwenye magari mengi ya aina hii ukiinyanyua ile swichi gari ikiwa kwenye mwendo na ukaishikilia, gari inajifunga breki kwa kudhibitiwa mpaka isimame. Kwenye kitabu cha gari yao imeandikwa, nikampigia picha ukurasa. Niseme na hili kwa mafundi wenzangu, pedi za nyuma za gari hizi usirudishe pistoni kwa nguvu kama zamani, kuna mota pale, iweke kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa mashine.

Ya tatu ilikuwa ya ufunguo. Shemeji alimpeleka dada kazini, dada akashuka na mkoba, na ufunguo uko kwenye mkoba. Gari ikapiga mlio. Shemeji akaupuuza, kwa sababu tangu asubuhi gari ilishapiga mlio wa mkanda, mlio wa kurudi nyuma, mlio wa mlango, mlio wa mstari wa barabara, huu nao akaona ni mwenzao. Injini haizimi ufunguo ukiondoka, ingekuwa hatari barabarani, kwa hiyo akaendesha vizuri tu mpaka alikokuwa anaenda, akazima, na safari ikaishia hapo. Alikaa saa tatu anasubiri. Aliponipigia nilimwambia maneno yale yale, ndivyo zilivyo shemeji. Nikawafundisha na mengine siku hiyo, kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma umefichwa, kwamba betri ya rimoti ikichoka unagusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia na gari itawaka. Na lile kubwa, kwa kuwa injini hizi hazina kelele, usishuke ukaiacha inawaka kwenye gereji ya nyumba iliyofungwa ukidhani umezima. Moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na umeua watu kwenye nyumba zao kwa namna hii hii.

Kwa hiyo mara tatu nimesema ndivyo zilivyo, mara tatu niko sahihi. Ya nne dada akaniambia steringi inamsukuma. Anaendesha katikati ya njia yake, gari inapiga mlio na steringi inajigeuza kidogo, yeye anairudisha. Sikuuliza chochote. Nilikuwa na gari ya mtu imefunguliwa dashibodi yote, nikamwambia kwenye simu dada ule ni mfumo wa kukuweka kwenye njia, ndivyo zilivyo gari za kisasa. Alishampigia na muuzaji kabla yangu, akajibiwa hivyo hivyo neno kwa neno. Sasa mtu ameambiwa na muuzaji, ameambiwa na mdogo wake ambaye ni fundi, akaona basi tatizo ni yeye.

Siku nne baadaye alikuwa na mtoto mdogo nyuma, mwendo wa 60, barabara mbele yake nyeupe haina mtu, gari ikajifunga breki. Si kupunguza, kufunga. Aliyekuwa nyuma yake alikwepa kwa sentimita chache, dada anasema aliona uso wake kwenye kioo. Alisimama pembeni akalia, halafu akanipigia, na sauti yake ile siku sijaisahau.

Nilipokwenda jioni aliniletea daftari. Huyu dada yangu ni mtu wa kuandika, tangu steringi ianze alikuwa anaandika kila tukio, mahali, mwendo, mvua au jua, steringi imeenda upande gani. Matukio 11. Nikasoma nimesimama kwenye korido na nilipofika la sita ikabidi nikae. Yote ya steringi ilisukuma kushoto, na kwenye dashibodi mstari uliowaka ni wa kulia. Hata mara moja haikusukuma kulia. Na zile breki, kulikuwa na nyingine mbili ndogo kabla, zote kulikuwa na gari imesimama au inatembea taratibu kwenye njia ya jirani upande wa kulia.

Mfumo usio na hitilafu ukikupigia kelele bila sababu unakosea huku na huku. Unaokosea upande mmoja tu kila siku, huo unaona dunia imesogea.

Nikachukua tochi nikaenda kwenye gari. Makosa kwenye kompyuta, hamna. Nikaanza kusoma vioo. Kila kioo cha gari kina mhuri mdogo kwenye kona, chapa ya aliyekitengeneza na alama za viwango. Milango minne, mhuri mmoja. Kioo cha nyuma, mhuri ule ule. Kioo cha mbele, mhuri mwingine kabisa. Kilishabadilishwa, na hicho ndo kitu ambacho sikukiangalia siku ya ukaguzi. Na kamera inayosoma barabara imebanwa pale pale, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, inachungulia kupitia kioo cha mbele.

Ukibadilisha kioo hicho kamera inatolewa inarudishwa, na ikirudi haikai kama ilivyokuwa hata kwa macho yako ikionekana sawa. Inatakiwa kufanyiwa kalibresheni, yaani kuonyeshwa upya mbele ni wapi. Piga hesabu mwenyewe: kamera ikipinda nyuzi 1 tu kwenda kulia, kitu kilicho mita 50 mbele inakiona kimesogea karibu sentimita 87 kushoto. Gari ya njia ya jirani tayari inaonekana imeingia kwenye njia yako. Mstari wa kulia unaonekana uko karibu na tairi lako. Gari ya dada ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa kwa kile ilichoonyeshwa, ilikuwa inamwokoa na ajali ambayo haipo. Na haikuandika kosa lolote kwa sababu kamera ilikuwa inaona vizuri, picha safi, ila shingo imegeuzwa. (Gari nyingine zinachanganya kamera na rada, ya gigahezi 77, hii yao kwa kazi hizo ilitegemea kamera peke yake, hamna wa pili wa kuibishia.)

Muuzaji alipoulizwa kuhusu kioo alisema hajui. Inawezekana kweli hajui, lakini jibu lake la kwanza kwa dada, lile la ndivyo zilivyo, hakuwa amelitafutia sababu yoyote. Na langu pia. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, mimi ningeweza kuuliza swali moja tu kwenye simu, inasukuma upande gani, na daftari lilikuwa mezani kwake lina jibu.

Kalibresheni ilifanywa na mwenzangu mwenye vifaa. Wasiojua wanadhani ni kubonyeza kitufe, hebu niwaeleze. Sakafu lazima iwe sawa. Upepo wa tairi zote uwekwe kama kilivyosema kibandiko cha mlangoni. Tulitoa vitu vyote kwenye buti, kigari cha mtoto, galoni za maji, kwa sababu nyuma ikilala kamera inaangalia juu. Mpangilio wa magurudumu upimwe kwanza, maana steringi ikiwa imepinda utakuwa umeifundisha kamera upotofu. Halafu ubao wenye miraba myeusi na myeupe unawekwa mbele kwa umbali uleule ulioandikwa na kiwanda, unapimwa kwa leza na tepu kutoka katikati ya gari, sio kukadiria. Mashine ikasoma kamera ilikuwa imepinda zaidi kidogo ya nyuzi 1 kulia. Kuna magari yanataka na kuendeshwa barabarani kwa mwendo fulani yajimalizie, hii ilitaka vyote viwili. Saa mbili na nusu za kazi.

Baada ya hapo dada hakutaka kuigusa, na nilimwelewa. Nikaendesha mimi kwanza kwenye ile barabara ya tukio namba 4, namba 7 na namba 9, yeye pembeni na daftari. Hamna kitu. Akaendesha yeye, mara tatu, hamna kitu. Mara ya nne nikamwambia uusogelee mstari wa kushoto makusudi bila indiketa, steringi ikamrudisha kulia taratibu. Akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Akasema, "Kumbe huwa inasukuma na huku."

Jumamosi iliyofuata tukatafuta eneo wazi la kuegesha, wote wawili, tukafanya kile ambacho kilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Kufunga breki kwa nguvu zote kwenye kilomita 40 mpaka pedali itetemeke chini ya mguu, wasiiachie. Gari ya zamani haikuwa na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikandamiza breki, japo teknolojia yenyewe ipo kwenye gari za watu tangu 1978, kwa hiyo shemeji alijifunza kupampu breki kwenye utelezi, na kwenye ABS kupampu kunarefusha njia ya kusimama. Ukimwambia kwa mdomo atakubali, lakini mpaka mguu wake uhisi ile tetemeko na asiogope ndo amejifunza. Tukaunguza nusu saa hapo.

Tukakubaliana pia nini kiwashwe nini kizimwe, na huu ni msimamo wangu. Breki ya dharura isizimwe, sasa kwa kuwa inaona sawa. Udhibiti wa kuteleza usizimwe, labda gari imekwama kwenye matope unataka magurudumu yazunguke. Ya kushika njia mnaweza kuzima pale mistari imefutika au barabara inajengwa, mnairudisha mkitoka. Na mwendo unaojirekebisha kwa gari ya mbele ukichanganya na wa kushika njia, hata vikifanya kazi pamoja vizuri hivyo bado ni daraja la 2 kati ya yale ya gari kujiendesha yanayoanzia 0 mpaka 5, maana yake dereva ni wewe, macho ni yako, lawama ni yako. Watu wanaosema tuzime yote turudi zamani nawaelewa uchovu wao, ila mambo haya hayarudi nyuma, Ulaya gari zote mpya tangu Julai 2024 lazima ziwe na breki ya dharura na kushika njia, Marekani kamera ya kurudi nyuma ni lazima kwa gari mpya tangu Mei 2018. Ninachokubaliana nao ni kwenye skrini. Kupunguza feni kwa kupapasa kioo wakati unaendesha sikipendi, na hata Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka vitu kama indiketa, waipa na honi viwe na vitufe vya kushika ndo wakupe nyota tano.

Jambo la mwisho tulilolikuta siku hiyo lilinishtua kidogo. Kwenye orodha ya simu zilizounganishwa kulikuwa na simu ya mwenye gari wa kwanza, majina ya watu wake, na sehemu ya nyumbani kwake kwenye ramani. Tukafuta yote, tukarudisha mfumo kama ulivyotoka kiwandani. Kama gari yako ina programu ya simu ya kufungua milango kwa mbali hakikisha akaunti ya zamani imetolewa kabisa, la sivyo kuna mtu anajua gari yako imelala wapi.

Daftari dada hakulitupa, linakaa kwenye droo ya dashibodi na kalamu yake. Mwezi uliopita asubuhi ya baridi taa ya upepo wa tairi iliwaka, shemeji akasema ni baridi tu, na kweli baridi inashusha upepo, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua, taa inaweza kuwaka ikazima yenyewe ukitembea. Dada akachukua kipimo kabla ya kunipigia. Mbele kushoto 32, mbele kulia 32, nyuma kushoto 32, nyuma kulia 24. Alinisomea hizo namba kwenye simu halafu akasema subiri, nikamsikia anainama, anazungusha mkono kwenye tairi, kimya kidogo. Kulikuwa na msumari.